Mafuta Yanayobaki Mwambani: Funzo kwa Pwani ya Rumonge

Ukitaja mafuta Rumonge, watu huelewa mawese. Mimi nazungumzia mafuta ya ardhini, lakini mawese yanasaidia kuyaeleza. Anayekamua chikichi anajua kwamba mkamuo wa kwanza hautoi yote. Mengine hubaki kwenye makapi. Mwamba nao ni hivyo hivyo.

Utafutaji upande wa Burundi si jambo la jana. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili, Rusizi-1 na Buringa-1, katika tambarare ya Rusizi, kaskazini mwa ziwa. Haikupata mafuta ya kuuza. Baadaye serikali iligawa tambarare na maji yake ya ziwa katika vitalu vinne, ikatoa leseni kwa kampuni nyingine. Hadi leo Burundi haizalishi mafuta.

Tangu hapo swali letu limekuwa moja: yapo au hayapo? Naona historia ya jirani inatudai swali la pili: yakiwapo, yatatoka kiasi gani, na kwa maji ya nani?

Ziwa Albert na Tanganyika yamezaliwa na Bonde la Ufa moja, lile la Magharibi. Uganda ilithibitisha mafuta ya kibiashara mwaka 2006. Inakadiria mapipa bilioni 6.5 mwambani, lakini yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4, hata robo hayafiki. Ufa umezikatakata tabaka za miamba, hivyo kisima kimoja hufikia kipande tu. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, limepangwa kupashwa moto. Ili kuongeza kinachotoka, mradi wa Tilenga ulipanga visima zaidi ya 400, vikiwemo vya kuingiza maji ardhini ili yasukume mafuta. Maji hayo yalipangwa kuvutwa kutoka ziwani.

Hapo ndipo Rumonge inapohusika. Tanganyika hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, na uchafu ukiingia hauondoki upesi. Ndilo ziwa la mukeke na ndagala, chakula na kipato cha pwani yote. Kwa maoni yangu, mkataba wowote ujao usihesabu mapipa peke yake. Useme pia maji mangapi yatavutwa, yatarudi wapi, na nani atayapima.