Silesia: Jiografia, Urithi na Suala la Lugha

Silesia ni eneo la kihistoria lililopo kusini-magharibi mwa Poland, katika bonde la Mto Odra. Sehemu zake ndogo zimo katika Jamhuri ya Cheki na Ujerumani. Kusini imo milima ya Sudety, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Śnieżka, kina mita 1,603. Wrocław ndio mji mkubwa wa Silesia ya Chini. Katowice ni kitovu cha Silesia ya Juu, nchi ya makaa ya mawe.

Eneo hili lilitawaliwa na ukoo wa Piast, kisha Bohemia, na baada ya mwaka 1526 likawa chini ya Habsburg, hadi Prussia ilipotwaa sehemu yake kubwa mwaka 1742. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakazi wa Silesia ya Juu waliinuka mara tatu kati ya 1919 na 1921. Katika kura ya maoni ya Machi 20, 1921, takriban asilimia 60 walichagua Ujerumani, lakini eneo liligawanywa mwaka uliofuata. Sehemu ya Poland ilipewa mamlaka ya ndani na bunge lake. Mwaka 1945 karibu Silesia yote iliingizwa Poland; Wajerumani wengi waliondolewa, na Wapoland kutoka mashariki wakahamishiwa humo.

Urithi wake mkubwa umo chini ya ardhi. Migodi ya risasi, fedha na zinki ya Tarnowskie Góry iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, hasa kwa sababu maji yaliyotolewa migodini yalitumika kuhudumia miji na viwanda. Kwa makubaliano ya mwaka 2021, mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe utafungwa ifikapo 2049.

Hata hivyo, mjadala mkali zaidi ni wa lugha. Katika sensa ya mwaka 2021 zaidi ya watu 450,000 walieleza kuwa hutumia Kisilesia nyumbani. Bunge lilipitisha mwaka 2024 muswada wa kukitambua kuwa lugha ya kieneo, hadhi ambayo Kikashubi kilikwishapewa mwaka 2005 na ambayo hufungua njia ya ruzuku ya kukifundisha shuleni. Mwezi Mei Rais Andrzej Duda alikataa kuutia saini, akisema Kisilesia ni lahaja ya Kipolandi.