Ridhaa Iliyofutwa, Swali Linalorudi

Mkoa wa Katavi, Tanzania, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na haukukawia kupata sifa isiyopendeza. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wake wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Nyuma ya baadhi ya mimba hizo kuna kosa la jinai.

Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi: anayemwingilia msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, binti akubali asikubali. (Kifungu hichohicho kilimwachia mume wa binti wa miaka 15 na kuendelea, tundu ambalo ni mjadala mwingine.) Adhabu kwa kawaida haipungui miaka 30 jela. Kwenye karatasi, basi, kesi ni nyepesi: athibitishwe umri, athibitishwe kuingiliwa, ridhaa isiulizwe.

Umri wenyewe una tabu yake. Mahakama ya Rufani inakubali uthibitishwe na binti, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Tuchukue mama kutoka Mishamo au Katumba, makazi ya Katavi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi. Mbele ya hakimu mjini Mpanda anaweza kuwa na kadi ya kliniki iliyochakaa tu, au kumbukumbu ya mavuno ya mwaka fulani. Kisheria neno lake linatosha, mradi aaminike.

Kila kitu kinaishia hapo: kuaminika. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathirika pekee, hakimu akiandika kwa nini amemwamini. Maamuzi ya baadaye yaliongeza tahadhari: neno hilo si msahafu, lipimwe. Je, maelezo yanashikamana? Yanapatana na ya wengine? Alimtaja mtuhumiwa mapema?

Kipimo cha mwisho ndicho kinachotia shaka. Binti aliyenyamaza miezi mitatu hadi shule ikagundua mimba ataulizwa: kama ulibakwa, mbona hukusema? Swali linavaa joho la uaminifu, lakini ndani yake ni ridhaa ileile iliyofutwa na Bunge. Kwa mwanamke mtu mzima mambo hayatofautiani sana: sheria haidai majeraha, ila wakili wa utetezi atainua PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, isiyoonyesha mchubuko kana kwamba imemaliza kesi.

Hata hivyo kuchelewa hakuwezi kupuuzwa. Zipo familia zinazomalizana nyumbani na kukumbuka polisi faini isipolipwa, na miaka 30 ni maisha ya mtu. Dawa ni kuuliza sababu ya kimya, si kukihukumu. Mahakama ya Rufani yenyewe imekubali mara kadhaa ucheleweshaji uliotokana na vitisho, pale ulipoelezwa.

Kazi hiyo ni ya mwendesha mashtaka, na ni ya siku ileile binti anapopanda kizimbani. "Ulimwogopa nani?" ikiulizwa Mpanda, jibu linaandikwa kwenye mwenendo wa shauri. Isipoulizwa, majaji wa rufaa watabaki na kurasa zisizo na jibu, nao hawakumwona binti akitazama chini.