Wapita Njia na Wenyeji: Habari za Mitaa ya Eldoret na Kukua kwa Chuo Kikuu



Mmekwisha kusoma hesabu ya fedha, na majina ya wenzetu waliotutangulia mbele ya haki mwaka huu. Sasa yatupasa kuweka mbele yenu habari za mji wetu, hasa habari za mitaa tunayokaa na chuo kikuu kilichokua katikati yetu. Hatuziandiki kwa kujifurahisha tu. Katika mkutano mkuu mtaulizwa jambo moja: kijana wa chuo aliyepanga chumba katika ploti zetu, je, aweza kuwa mwanachama? Wengi husema hawezi, kwa kuwa yeye ni mpita njia. Neno hilo lina historia ndefu katika mji huu, nasi twaona ni vema ijulikane kabla ya kura kupigwa.

Mji wa Sitini na Nne

Wazee wangali wakiuita mji huu Sisibo. Jina hilo latokana na hesabu ya sitini na nne kwa Kiingereza, kwa maana mji ulianzia katika shamba lililoandikwa namba 64, wakati nchi ya Uasin Gishu ilipokatwa mashamba ya Wazungu. Makaburu wa Afrika Kusini walifika mwaka wa 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka wa 1912 Serikali ikauweka mji rasmi, ukaitwa Eldoret, jina lenye asili ya Kimasai lihusulo mto wa mawe, ndio Sosiani wetu. Reli ikafika mwaka wa 1924.

Hao wote hawakukuta nchi isiyo na wenyewe. Uasin Gishu ni jina la Wamasai waliochunga humo zamani, na Wanandi walilisha ng'ombe wao huku kabla ya kushindwa vitani na Waingereza. Hata hivyo, mji ulipojengwa, Mwafrika ndiye aliyehesabiwa kuwa mgeni. Aliitwa kuja kubeba mizigo, kupika, kufua nguo na kutengeneza njia. Kazi ikiisha alitakiwa arudi kwao. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka wa 1915 na kutiwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kipande cha namna hiyo kilikomeshwa mwaka wa 1947, lakini ardhi ya Uasin Gishu ilibaki ya Wazungu peke yao hata karibu na uhuru. Mtu aliweza kufanya kazi mjini miaka thelathini, akazaa na kulea watoto humo, na bado akaitwa mpita njia.

Mpita njia akiugua, nani wake? Akifa, nani atamzika? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyozaa vyama vya kusaidiana katika miji ya Kenya. Watu walianza kwa kuwatafuta wa kwao, ndiyo sababu vyama vingi vya kwanza vilikuwa vya kabila, kama Luo Union iliyokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1980 vyama vikubwa vya namna hiyo viliamriwa vivunjwe. Lakini haja ya kusaidiana haikuvunjwa kwa amri. Watu waliobaki pasipo chama cha kwao walimtazama jirani wa mlango wa pili, ambaye pengine hakusema lugha yao, wakaanza kuchangiana naye.

Hospitali ya vitanda sitini

Katika habari za zamani liko jambo moja linalounganisha mitaa yetu na chuo kikuu kuliko jingine lolote, nalo ni hospitali. Mwaka wa 1917 ilifunguliwa hapa hospitali ndogo ya kuwatibu Waafrika, yenye vitanda 60. Ilikua polepole pamoja na mji. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1990, hapo ndipo walipopelekwa kujifunzia, na mwaka wa 1998 ikawa kwa sheria Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Leo wagonjwa huletwa kutoka sehemu zote za magharibi ya Kenya. Tangu mwaka wa 2001 mpango wa AMPATH, uliotokana na ushirikiano wa kitivo hicho na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, umewatibu watu wengi sana wenye virusi vya UKIMWI. Twakumbuka miaka ya kabla ya hapo, tulipozika vijana wiki baada ya wiki na mfuko wa chama ukakauka.

Chuo kilivyokuja

Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa kwa sheria mwaka wa 1984, kwa shauri la tume iliyoongozwa na Bwana Colin Mackay wa Kanada mwaka wa 1981. Mkuu wake wa kwanza wa kazi za kila siku alikuwa Profesa Douglas Odhiambo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 83 tu, nao walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Makao makuu yakawekwa Kesses, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, katika nchi iliyokuwa mashamba ya miwati.

Basi wazee na wazingatie jambo hili. Mara nyingi chuo hakikujenga upya. Kilipokewa katika nyumba za wengine. Kitivo cha tiba kilikaribishwa na hospitali ya mwaka wa 1917. Chepkoilel, iliyoanza mwaka wa 1946 kama mahali pa kuwafundisha wakulima wenye mashamba makubwa, ilifanywa chuo cha ualimu mwaka wa 1984, ikachukuliwa na Chuo Kikuu mwaka wa 1990, na mwaka wa 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Hata kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichowapa kazi baba na mama wengi wa mitaa hii kisha kikaanguka, kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007. Kwa hiyo chuo nacho kilikuwa mgeni aliyeonyeshwa mahali pa kulala.

Na wanafunzi je? Mwaka wa 1990 ndipo wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walipoingia vyuo vikuu, na vitanda vya mabweni havikuwatosha. Mwishoni mwa miaka ya tisini wakaongezwa waliojilipia wenyewe. Waliokosa kitanda walikuja kwetu.

Maisha ya ploti

Wakati huo mji ulikuwa umekwisha kubadilika. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1969 ilipata watu 18,196 katika Eldoret. Ya mwaka wa 1989 ikapata 111,882. Na ya mwaka wa 2019 ikapata 475,716. Mitaa kama Langas na Munyaka ilitokana na mashamba ya walowezi ambayo watu wetu waliyanunua kwa kuchanga baada ya uhuru, wakagawana vipande. Kila mmoja alijenga alivyoweza: safu ya vyumba vya udongo au mbao na mabati, ua katikati, bomba moja la maji, choo cha shimo pembeni.

Katika ua wa namna hiyo mwanafunzi wa sheria aliishi ukuta kwa ukuta na fundi wa viatu, na mwanafunzi wa udaktari alisubiri zamu yake ya bomba nyuma ya mama muuza mboga. Mama huyo alimkopesha sukuma wiki mpaka mkopo wa masomo utoke Nairobi. Naye kijana jioni aliwafundisha watoto wa ua hesabu, akawaandikia wazee barua, akawasomea maneno yaliyoandikwa kwenye chupa za dawa. Hapana aliyeandika deni hizo katika daftari.

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Wako vijana waliohama usiku bila kulipa kodi, na wako wenye nyumba waliopandisha kodi kila muhula ulipofunguliwa. Ploti nyingi za zamani zimebomolewa, na mahali pake pamesimama nyumba za ghorofa zenye vyumba vidogo vya mwanafunzi mmoja mmoja. Jamaa zilizokaa hapo miaka mingi zimesogea mbali na mji, kwa kuwa kodi zimewashinda. Na walioziinua ghorofa hizo kwa fedha za benki wamejifunza kwamba riziki ya chuo hupanda na kushuka. Mwaka wa 2016 usimamizi wa mitihani ya kidato cha nne ulipokazwa, waliopata alama za kuingilia chuo kikuu nchini walikuwa 88,929 tu, na wanaojilipia wakapungua sana. Na walimu wa vyuo vikuu vya umma wanapogoma, kama ilivyokuwa mwaka wa 2024, vyumba hufungwa na mama wa mboga hurudi nyumbani na mzigo wake.

Wala hatuwezi kupita kimya mambo ya mwanzo wa mwaka wa 2008, jirani alipomgeukia jirani kwa ajili ya uchaguzi. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa lilichomwa moto na watu waliokimbilia ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho wa mji wetu. Siku zile watu waliulizwa tena swali la zamani: wewe ni mwenyeji, au mpita njia? Tuliona swali hilo lilitufikisha wapi.

Neno letu kwa mkutano mkuu

Wanachama wengi wanakumbuka kijana aliyefariki katika chumba cha kupanga, miaka michache iliyopita. Wazazi wake walikuwa mbali na hawakuwa na nauli. Tulipofungua katiba ya chama hatukupata kifungu cha kumsaidia, kwa sababu hakuwa mwanachama wala jamaa ya mwanachama. Wazee watatu wakaenda mlango kwa mlango na kofia mkononi, na kabla ya siku mbili kwisha gari lilipatikana. Watu walitoa vizuri. Lakini mmoja wa wazee hao aliporudi alisema kwamba alijiona kama yuko mwaka wa 1950, akimchangia maiti ambaye mji haumtambui.

Mnamo tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Jiji ni watu wanaokuja na watu wanaokwenda. Baba zetu waliitwa wapita njia, wakazikwa hapa, nasi twajiita wenyeji kwa sababu ya makaburi yao. Kamati imeonelea kwamba mwanafunzi aliyepanga kwetu muda wa mwaka mmoja akubaliwe, alipe nusu ya ada, na apate msaada wa ugonjwa na msiba kama mwingine yeyote. Naye kwa upande wake aandike habari za mzee mmoja wa mtaa kwa maneno ya mzee mwenyewe, na daftari hilo lihifadhiwe na chama, kwa maana wazee wanapungua na mengi tuliyoyataja humu hayajaandikwa kikamilifu.

Uamuzi ni wenu. Sisi twaomba tu kwamba atakayesimama kusema, "Huyu ni mpita njia," akumbuke kwanza ni nani aliyeitwa hivyo kabla yake.