Nauli, Kikapu na Mpaka: Historia ya Kupunguza Gharama za Maisha na Usafiri katika Tunduma na Mkoa wa Songwe tangu 1890

Historia ya uchumi ya kusini-magharibi mwa Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kwa kuhesabu tani: tani za shaba zilizopita Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, tani za mafuta zilizokwenda Zambia, tani za mahindi yaliyonunuliwa Mbozi. Kikapu cha mama avukaye kwenda Nakonde kutafuta sabuni hakimo katika hesabu hiyo, wala hazimo hatua za miguu zilizookoa nauli. Insha hii inachunguza namna kaya za Tunduma na maeneo jirani zilivyojitahidi kupunguza gharama za maisha na za usafiri tangu mpaka ulipochorwa. Hoja inayojengwa ni kwamba, katika eneo hili, kubana matumizi hakukuwa suala la tabia njema ya mtu mmoja mmoja, kama semi za kuhimiza uwekaji akiba zinavyopenda kudokeza. Kulikuwa suala la umbali na mpaka, na kila unafuu uliopatikana ulilipiwa na mtu fulani kwa muda wake, kwa miguu yake, au kwa hatari ya kufikishwa mahakamani.

Mpaka wenyewe haukuchorwa kwa kuzingatia kikapu cha mtu yeyote. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani ulipitisha mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kwa namna iliyoiacha barabara ya Stevenson upande wa Waingereza, na mwaka 1898 tume ya mpaka ikaja kuutia mstari huo ardhini. Wanyamwanga wakajikuta pande mbili. Shamba la mjomba likawa katika koloni moja na nyumba ya mpwa katika koloni jingine. Kwao mpaka ulimaanisha kodi mbili tofauti na, baadaye, bei mbili tofauti. Jambo hili la pili ndilo lililokuja kuwa mtaji wa Tunduma.

Katika kipindi cha ukoloni, njia kuu ya kupata fedha taslimu ilikuwa kuondoka. Wanaume walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1930 wengine walielekea machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. William Watson, katika utafiti wake kuhusu jirani zao Wamambwe uliochapishwa mwaka 1958, alipinga dhana iliyokuwa imezoeleka kwamba kazi ya ujira ya mbali lazima ivunje kijiji. Alionyesha kwamba kijiji kilisimama kwa sababu ardhi ilibaki, na waliobaki waliendelea kulima. Hoja hiyo inaweza kusomwa upya kwa jicho la bajeti ya kaya: mshahara wa mgodini ulitosha kwa kodi, nguo na pengine baiskeli, kwa sababu chakula hakikununuliwa. Unafuu wa maisha ya mfanyakazi ulikuwa jembe la mkewe. Baiskeli iliyorudi naye kutoka kusini ilikuwa chombo cha kwanza cha kukwepa nauli katika eneo ambalo magari yalikuwa machache, na ilibeba mahindi, mgonjwa na bibi harusi kwa zamu.

Mabadiliko makubwa yalitokea baada ya tarehe 11 Novemba 1965, utawala wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini ulipojitangazia uhuru. Zambia, isiyo na bahari, ililazimika kutafuta njia ya Dar es Salaam. Malori ya mafuta yalianza kupita Tunduma katika barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na matope masika, yenye ajali nyingi kiasi cha kuhusishwa na jehanamu katika jina ililopewa. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lilipunguza mzigo huo, kisha barabara ya TANZAM ikawekwa lami. Kwa wakazi wa Mbozi na Tunduma, lori lilikuwa pia usafiri wa abiria. Kupanda juu ya shehena na kumlipa utingo kidogo kulikuwa nafuu kuliko basi, na basi lenyewe halikuwa na uhakika.

Reli ya TAZARA ilifuata. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Mwaka 1973 njia ilivuka mpaka kati ya Tunduma na Nakonde. Mwaka 1975 ilikamilika, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi ikiwa na urefu wa kilometa 1,860. Ilijengwa kwa ajili ya shaba na kwa ajili ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ameeleza namna wakazi wa vituo vidogo, hasa katika Bonde la Kilombero na maeneo yanayolizunguka, walivyoigeuza kuwa reli yao kwa kusafirisha magunia machache ya mchele, ndizi au nguo za mitumba. Mtazamo huo unafaa kwa Vwawa na Tunduma pia, lakini kwa tahadhari. Huku barabara ya lami hukimbia karibu na reli, hivyo msafiri alikuwa na uchaguzi ambao mkazi wa Kilombero hakuwa nao. Treni ilikuwa nafuu kwa abiria mwenye mzigo, ila haikupita kila siku, na ratiba yake ilikuwa ahadi zaidi kuliko saa. Mwenye kusubiri alilala kituoni. Usiku huo hauonekani katika tiketi, na mtafiti anayelinganisha nauli ya treni na ya basi bila kuuhesabu anajidanganya.

Wakati huohuo sera ya vijiji vya ujamaa, iliyofikia kilele kati ya 1973 na 1976, ilizisogeza nyumba karibu na barabara na huduma. Shule na zahanati zikakaribia. Mashamba yakawa mbali. Safari ya kila siku ya mkulima ilirefuka, na kwa kuwa ilikuwa ya miguu, hakuna ofisi iliyoiandika kama gharama ya usafiri.

Kwa upande wa bei, Serikali ilijaribu kuubeba umbali yenyewe. Sheria ya mwaka 1973 ilianzisha Tume ya Taifa ya Bei, na mahindi yakapewa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Mbozi akawa analipwa na Shirika la Taifa la Usagishaji sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Kwa Nyanda za Juu Kusini hii ilikuwa neema, kwani hazina ya taifa ndiyo iliyolipia lori. Lakini shilingi alizopata mkulima zilikosa cha kununua. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo viliadimika madukani. Bei rasmi ilikuwa ndogo na rafu ilikuwa tupu. Upande wa pili wa mpaka, Zambia nayo ilikuwa ikishusha bei ya unga kwa ruzuku kubwa. Kaya ya Tunduma yenye ndugu Nakonde haikuhitaji mwanauchumi kuielekeza la kufanya.

Dola iliuita mwendo huo magendo. Mwezi Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoungwa mkono na sheria maalumu ya mwaka huo. Kampeni ililenga walanguzi wakubwa, na wengi walikamatwa. Hata hivyo ilieneza hofu miongoni mwa watu wadogo, na sehemu mbalimbali za nchi bidhaa zilitupwa usiku ili zisikutwe nyumbani. Hapa ndipo historia ya Tunduma inapodai hukumu tofauti na ile ya Dar es Salaam. Mjini kwa mlanguzi, sabuni iliyofichwa ilikuwa faida. Mpakani, miche mitatu ya sabuni ndani ya kanga ilikuwa matumizi ya mwezi. Sheria haikuwa na kipimo cha kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na mzigo wa kueleza tofauti uliwaangukia wanawake, ambao ndio waliobeba.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya uagizaji bidhaa, na mwaka 1986 ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Zambia ilipopunguza ruzuku ya unga Desemba 1986, ghasia zilizuka katika miji ya migodi, na hatua hiyo ikafutwa. Taratibu mkondo uligeuka. Tunduma ikawa soko la Wazambia na Wakongo wanaofuata nguo, mchele na vyombo, huku kwacha na shilingi zikibadilishwa barabarani. Zambia ilipofuta sufuri tatu katika sarafu yake Januari 2013, wauza mboga walilazimika kujifunza upya kuhesabu. Mji ukakua kwa kasi. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yaliwekwa Vwawa, lakini fedha ilibaki Tunduma. Sensa ya 2022 iliukuta mji huo na wakazi waliozidi 200,000.

Ukuaji huo ulizaa msafiri wa aina mpya: anayelala Mpemba au pembezoni kwa sababu kodi ya chumba ni ndogo, na kwenda kila alfajiri kwenye soko au forodha. Akiba ya kodi huliwa na nauli. Hiace na Noah zilizokwishatumika Japani ziliziba pengo kati ya miji, kisha bodaboda ikaingia mitaani. Usafiri huo, ambao jina lake lilitoka mpaka mwingine, wa Busia, ulitambuliwa na sheria za Tanzania kwa marekebisho ya 2009 na kanuni za 2010. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mrithi wa SUMATRA tangu 2019. Ya bodaboda hupangwa na mabishano. Ndiyo maana abiria wawili au watatu hupanda pamoja na kugawana bei, mtindo uitwao mshikaki. Trafiki huuona kama ukaidi. Katika hesabu ya kaya ni punguzo la nusu ya nauli, na riba yake hulipwa siku ya ajali.

Mantiki hiyohiyo imo jikoni. Anayenunua mafuta ya kupima kwa kikombe hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayenunua dumu zima, na unga wa sado hugharimu zaidi ya wa gunia. Anayebana matumizi ya leo huongeza ya mwezi. Upatu, na baadaye VICOBA, vilijibu tatizo hili kwa kuunganisha fedha ndogo ili mmoja kwa zamu aweze kununua kwa jumla. Jitihada hizo hukwama kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba ambalo humpunja mkulima wa Momba na Mbozi kwa kipimo kabla hajafika kwenye bei.

Umbali nao umerudishwa kwa mlaji. Tangu Januari 2009 EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta zinazojumuisha gharama ya kusafirisha kutoka bandarini, hivyo Tunduma hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Ruzuku ya shilingi bilioni 100 iliyoanza Juni 2022 ilipunguza makali bila kubadili kanuni hiyo.

Kituo cha huduma kwa pamoja kilichozinduliwa na Marais John Magufuli na Edgar Lungu tarehe 5 Oktoba 2019 kilikusudiwa kufupisha muda wa malori mpakani. Mbeba kikapu hakupata mlango unaolingana na huo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi taratibu rahisi za jumuiya hizo mbili kwa wafanyabiashara wadogo hazikumfikia mvukaji wa Tunduma. Mei 2020 Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya UVIKO-19, malori yalirejeshewa njia kwanza. Na Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilipotia saini mjini Beijing makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, matarajio yaliyotangulizwa yalikuwa ya shehena.