Baharia akishuka melini, pesa yake iko wapi?

Uzi mfupi, wadau. Kila kampeni ikifika Pwani utaskia ahadi ya maelfu ya kazi za meli. Halafu usiku kwenye runinga anatokea mtu anasema sheria za kazi zinafukuza wawekezaji, serikali iache soko lijipange. Sawa. Kwenye meli soko liliwahi kuachwa, na tunajua lilivyojipanga.

Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, mshahara wa baharia ulitegemea nauli ya mzigo. Meli ikizama kabla nauli haijapatikana, hata kama umepiga kazi miezi 8, unarudi kwenu mikono mitupu. Kanuni hiyo ilifutwa na sheria ya 1854.

Lakini hata meli ikifika salama shida haikuisha. Pesa ya safari nzima ililipwa mwishoni. Baharia akiwa bandarini anangoja hesabu, mfukoni hana kitu, wenye nyumba za kulala walimkaribisha kwa mkopo: chakula, pombe, nguo. Siku ya malipo deni limeshameza karibu kila kitu, na yule yule mwenye nyumba anamtafutia meli nyingine na kuchukua malipo yake ya mapema. Hebu fikiria anayekukopesha mpaka mwisho wa mwezi ndiye pia anayeamua utaajiriwa wapi!

Ndiyo maana sheria ya 1894 iliingia kwa undani hivyo. Baharia wa safari za nje aliachishwa kazi na kulipwa mbele ya afisa wa serikali. Kabla ya hapo, angalau saa 24, lazima apewe hesabu ya mshahara kwa maandishi, na makato yote yaonekane humo. Akishuka tu anapewa pauni 2 au robo ya anachodai, ile iliyo ndogo, na salio ndani ya siku 2 za kazi. Mwenye meli akichelewesha bila kosa la baharia, mshahara unaendelea kuhesabika. Hiyo ya mwisho naipenda sana, kwa sababu kuchelewesha kunamgharimu anayechelewesha.

Pengo moja lilibaki. Titanic ilipozama 1912, mishahara ya mabaharia wake ilikoma siku hiyo hiyo. Mkataba wa kimataifa wa kuwalipa waliovunjikiwa na meli, hadi miezi 2, ulikuja 1920.

Na sisi? Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2014. Unataka mshahara ulipwe angalau kila mwezi. Tangu 2017, mwenye meli akikaa angalau miezi 2 bila kulipa, anahesabiwa amewatelekeza mabaharia, na bima inalipa malimbikizo ya hadi miezi 4.

Kwa hivyo mgombea akikuahidi kazi ya meli, muulize meli hizo zinapeperusha bendera ya nchi gani na bima yake ni ya nani. Cheti cha bima hiyo kinatakiwa kubandikwa melini, mahali mabaharia wanakiona.