Kutoka Kufikirika hadi Kusadikika: Nchi ya Kubuni na Hadithi ya Asili ya Wamakonde

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtungaji wa hadithi za kubuni yampasa kuyapima kabla hajashika kalamu. La kwanza ni kufikirika. La pili ni kusadikika. Shaaban Robert aliyafanya yote mawili kuwa majina ya nchi zisizokuwamo katika ramani, na vitabu vyake viwili vikaitwa kwa majina hayo: Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, na Kufikirika, kilichotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Jambo lo lote laweza kufikirika: mlima utembeao, watu wenye mabawa, mto upandao kilima. Akili haina mlinzi mlangoni. Lakini si kila kifikirikacho husadikika. Mara nyingi msomaji hupiga mwayo akafunga kitabu, na maajabu yote yakabaki ndani yamelala. Basi nchi iliyobuniwa huvukaje kutoka katika neno la kwanza hata ikafika katika la pili? Na mtu akaaye ndani yake hupataje nafsi yake mwenyewe?

Swali hili ni la haja leo, kwa maana vijana wengi wapenda hadithi za ajabu huanza kazi yao kwa kuchora ramani, kutaja wafalme, kuhesabu aina za uchawi na kubuni majina ya miji. Wahusika huja mwisho, kama wageni waliochelewa karamuni, wakaketi po pote walipoona nafasi. Iko hadithi ya kale, iliyotoka katika uwanda wa Makonde, iliyojengwa kwa mpango mwingine kabisa, nayo inatufaa tuitazame kwa makini.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Newala iko ukingoni mwa uwanda huo, katika Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Mtu asimamapo penye genge liitwalo Shimo la Mungu huiona ardhi ikikatika ghafula mbele ya miguu yake. Chini sana limelala bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama, nayo hutokea tena chini, katika chemchemi zilizo kando ya miteremko. Kwa hiyo tangu zamani watu walikuwa juu na maji yalikuwa chini. Wanawake walishuka genge na mitungi mitupu, wakapanda na mitungi iliyojaa, na safari hiyo ililiwa na saa nyingi za siku. Mgeni aliyefika huko hakukosa kuuliza: kwa nini watu wenye akili wajenge mbali na maji?

Wanahistoria wana majibu yao. Katika karne ya 19 nchi za chini zilisumbuliwa na mashambulio na biashara ya watumwa, na vichaka vizito vya uwandani vilikuwa kimbilio la watu wa makabila mbalimbali. Tena mabonde yalikuwa na homa. Majibu haya ni ya kweli, lakini wenyeji walikuwa na jibu lao pia, nalo lilikuwa hadithi. Mmisionari aliyeitwa Adams, aliyefanya kazi Lindi, aliiandika. Kisha Karl Weule, mtaalamu Mjerumani aliyefika Newala na Mahuta mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa havijakwisha kabisa, akaitia katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1908.

Hadithi yenyewe ni fupi. Palikuwa na kiumbe akaaye peke yake porini, ambaye hakuoga wala hakunyoa nywele, na hakula wala kunywa ila kidogo. Siku moja alichonga sanamu ya mtu kwa mti wa mwituni, akaipeleka nyumbani kwake, akaisimamisha wima. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakashuka Ruvuma wakaoga. Huko mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nchi ya juu mpaka bonde la Mbemkuru. Akazaa tena mtoto mfu. Wakarudi juu, penye nchi ya Mahuta, na huko akazaa mtoto wa tatu, naye akaishi akakua. Wakapata watoto wengine wengi. Baba yao akawaachia amri mbili. Ya kwanza, wafu wao wazikwe wima, kwa kumkumbuka mama wa kabila aliyepata uhai akiwa amesimama. Ya pili, wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, kwa sababu ugonjwa na mauti hukaa huko. Nyumba zao ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja walau.

Tuangalie jinsi nchi hii ilivyojengwa. Ajabu ni moja tu: mti umekuwa mtu. Baada ya hapo hakuna joka wala pepo, na yote yafuatayo hutoka katika ajabu ile na katika misiba miwili. Amri ya mazishi imetoka katika kusimama kwa sanamu. Amri ya makao imetoka katika vifo vya watoto. Msimulizi hakutoa sheria kwa kupenda sheria. Ameonyesha kila sheria ililipiwa nini ilipozaliwa, na ye yote aliyeisikiliza akiwa Newala alijua vilevile kuwa ingali ikilipiwa, maana alimwona mama yake akipanda genge na mtungi kichwani. Hapo ndipo hadithi huvuka kutoka kufikirika hadi kusadikika. Nchi ya kubuni husadikiwa kwa sheria yake, na sheria yake husadikiwa pale tunapomwona mtu anayeilipia.

Mwaka 1939, mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien alitoa mhadhara juu ya hadithi za ajabu katika Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Scotland, akashikilia kwamba ulimwengu wa kubuni lazima uwe na ukweli wake wa ndani usiojipinga. Neno hilo ni sahihi, lakini hadithi ya uwandani yatupeleka hatua moja mbele. Sheria zisizojipinga hata mchezo wa bao unazo. Mchezo hauna mama aliyefiwa.

Sasa tuwatazame wahusika. Yule mtu wa porini hana jina, wala hatuambiwi kama alikuwa mpole au mkali. Lakini anabadilika, na mabadiliko yake yametokana na nchi anayokaa. Mwanzo hakuoga kamwe. Kisha akashuka mtoni akajisafisha pamoja na mkewe, na mto uleule uliomtakasa ukawa mahali pa kufiwa. Tangu hapo yeye ndiye mwenye kuonya juu ya maji. Aliyekuwa mkiwa amekuwa mtoa sheria, na njia aliyopita ni huzuni. Msimulizi hakuhitaji kutueleza tabia yake kwa sifa kumi. Alitupa safari tatu na makaburi mawili.

Mwanamke ni habari nyingine. Katika hadithi ilivyoandikwa, hasemi hata neno moja. Alichongwa, akaamka, akafiwa, akafiwa tena, akalea. Sheria ya maji imetoka katika uzazi wake, na mzigo wa maji umeangukia vichwa vya binti zake, lakini sauti katika amri ni ya baba. Jambo hili ni zito zaidi tukikumbuka kwamba Wamakonde ni watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama. Mama ndiye asili ya kabila, naye ndiye asiyesikika! Waliotupa maandishi haya walikuwa wanaume wawili wageni, na yamkini mengine yaliachwa njiani. Hata hivyo kimya hicho ni mlango. Mtungaji wa leo anayetafuta mhusika hana haja ya kwenda mbali. Na amwulize yule mama alisema nini alipofunga safari ya pili.

Msomaji aweza kunipinga kwa kunitajia Kusadikika chenyewe. Nchi hiyo inaelea hewani, na watu wake wana majina ya sifa tu, kama vile Karama na Majivuno, basi wanasadikiwaje? Nakubali kuwa wahusika hao hawana sura wala mwendo wa kuwatambulisha. Lakini tutazame wanalipia nini. Karama anashitakiwa kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na habari za manufaa, na kila mmoja akatupwa kifungoni. Kuelea hewani ni pambo. Kinachotufanya tuisadiki nchi ile ni gereza lake. Kitabu kilitoka wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza, na wahakiki wengi wameona ndani yake kivuli cha utawala wa kigeni.

Fundisho hilo laonekana pia katika uchongaji. Wamakonde wengi wa upande wa Msumbiji walivuka Ruvuma kutafuta kazi Tanganyika, hasa katika mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakajulikana kwa kuchonga mpingo. Samaki Likankoa, aliyefanya kazi yake Dar es Salaam, hutajwa na waandishi wengi kuwa ndiye aliyeanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtindo wa vinyago viitwavyo shetani. Shetani huyo huenda ana jicho moja, au mguu mmoja, au tumbo lililogeuka kuwa mkono. Mtu asiyejua hudhani mchongaji amefanya alivyotaka. Sivyo. Mpingo ni mti mgumu wenye mapindo na mashimo yake, na mchongaji huufuata. Palipo na pengo katika gogo, kiumbe hupungukiwa na kiungo. Na akiisha kupungukiwa, viungo vingine vyote lazima vijipange upya ili asimame. Upungufu huo ndio tabia yake. Mhusika wa hadithi naye hujulikana vivyo hivyo, kwa kile ambacho nchi yake imemnyima na jinsi alivyojipanga kuishi bila hicho.

Yapasa hapa kutoa tahadhari. Hadithi ya asili ya kabila haikubuniwa kwa ajili ya kuchangamsha baraza. Iliaminiwa, na kwa amri yake wafu walizikwa. Kuichukua nzima, kuibadili majina na kuiuza kama mali mpya ni utovu wa adabu. Tunachoruhusiwa kuchukua ni utaratibu wake: ajabu chache, sheria iliyo wazi, gharama inayoonekana, na mtu aliyebadilishwa na gharama hiyo.

Liko fundisho la mwisho, nalo limeletwa na historia yenyewe. Katika miaka ya 1950 ilianza kazi ya kuyapandisha maji uwandani kwa mashine na mabomba, na katika miaka ya 1970 Finland ikasaidia kueneza maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Shida haikwisha yote, lakini sheria ya mwendo wa saa moja haikuwa tena na nguvu ya kale. Watungaji wengi huziacha nchi zao za kubuni bila historia, kana kwamba sheria iliyowekwa siku ya kwanza haichakai. Mambo ya Newala yatufundisha kuuliza zaidi: siku sheria itakapolegea, nani atafurahi, nani atasikitika, na yule aliyejengwa na mzigo atakuwa nani atakapoutua? Mtungaji awezaye kulijibu swali hilo kwa ajili ya mtu mmoja tu wa nchi yake amekwisha kuiacha Kufikirika nyuma. Ramani ataichora baadaye.