Lupangu Moja, Mita Moja: Asili ya Ugomvi wa Faktiri Mjini Lubumbashi

Ugomvi wa maji na umeme baina ya mwenye lupangu na wapangaji wake, unaosikika Lubumbashi kila mwisho wa mwezi, huelezwa mara nyingi kuwa ni uchoyo wa watu. Maelezo hayo hayatoshi. Asili yake imo katika jinsi mji ulivyojengwa.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwaweka wafanyakazi wake kambini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto. Nyumba na posho vilitoka kwa kampuni. Nje ya kambi, katika mitaa kama Kenya na Katuba, kiwanja kilikadiriwa kwa jamaa moja. Regideso (1939) na SNEL (1970) zilirithi hesabu hiyo: lupangu moja, mteja mmoja, mita moja.

Hesabu ilivunjika njaa ilipoingia. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ya Gécamines ikadidimia, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Chumba cha uani kikawa mshahara mpya. Jamaa nne au tano zikakaa nyuma ya mita yenye jina la mtu mmoja.

Wengine hugawa faktiri kwa milango, na mjane mwenye taa moja hulipa sawa na fundi wa kuchomelea vyuma. Wengine huhesabu vichwa. Kwa maji ni haki, kwa umeme sivyo. Wengine huhesabu vyombo: friji, resho, pasi. Njia hii ingekuwa bora, lakini pale mita ilipokufa au haipo, shirika hutoza forfe, na forfe haipandi kwa resho la mtu yeyote. Mwenye lupangu naye, ajabu, husahau mara nyingi kuuhesabu mlango wake mwenyewe.

Lililo zito zaidi ni deni la zamani. Mpangaji ahamiaye mwezi wa tatu huletewa faktiri yenye madeni ya mwaka uliopita, na jumla yote hugawanywa, si matumizi ya mwezi ule. Hapo hakuna la kubishania: mkataba na shirika ni wa mwenye lupangu, na deni lililotangulia ni lake. Lakini waya hukatwa kwenye nguzo, si mlangoni pa mdaiwa. Aliyelipa na asiyelipa hurudi pamoja kwenye mishumaa na makala.

Mita za kulipia kabla, zilizoingia baadaye katika baadhi ya mitaa, huzuia deni jipya kurundikana. Hazikuondoa ugomvi. Penye mita moja bado, anayenunua umeme Jumamosi huwasha taa za wote, na Jumatatu unapokwisha kila mlango humngoja mwenzake anunue.